Madebe 40, Kilo 40

Kuanzia mwezi wa sita kila mwaka, alizeti huingia Singida mjini kwa kila kitu kinachoweza kubeba gunia: fuso, guta, bodaboda, mkokoteni wa ng'ombe. Mvua zimekwisha mwezi wa nne, vichwa vimekaukia shambani, vimepigwa na kupepetwa, na sasa watu wanataka mafuta au wanataka fedha. Si kila mtu hukamua siku anayofika. Wengi huacha mzigo ghalani kwa mwenye mashine wakisubiri zamu, au wakisubiri bei ipande. Wengine huchukua fedha kidogo za ada ya shule na kuacha alizeti kama dhamana. Kwa hiyo kila mashine ina karani, na kila karani ana kaunta buku.

Mimi na marafiki wawili tuliandika programu ndogo ya kuchukua nafasi ya kaunta buku hiyo. Inaandika nani ameleta nini, amekopa kiasi gani, amechukua madumu mangapi ya mafuta, na mashudu yamebaki kwa nani. Hatukutaka kuiuza. Tuliitoa kama programu huria: msimbo wake uko wazi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadili na kumpa mwenzake. Mashine ya kwanza ilipoipenda, ya pili ikaomba, kisha ya tatu. Tulikuwa tunaipeleka kwa flashi. Kwenye kona ya dirisha tuliandika "Toleo 1.0" siku ya kwanza kabisa, kwa sababu tuliona programu nyingine zimeandikwa hivyo, na namba hiyo hatukuigusa tena.

Makarani walizoea kupima kwa debe, kwa hiyo programu yetu ilihesabu madebe. Katikati ya msimu tajiri wa mashine moja akaomba kilo, maana wanunuzi wake walitumia mizani. Tukabadili. Ilikuwa kazi ya usiku mmoja: pale palipoandikwa "debe" pakaandikwa "kilo". Tukampelekea, akafurahi. Wiki iliyofuata karani wa mashine nyingine akanakili programu hiyohiyo kutoka kwenye flashi ya mwenzake, akaiweka juu ya ile ya zamani. Programu ikafungua kumbukumbu za zamani bila kulalamika, ikasoma namba zilezile, na mbele ya kila namba ikaandika "kilo".

Mama mmoja kutoka upande wa Ikungi alikuja kukamua alizeti yake. Karani akatazama kompyuta, akamwambia ana kilo 40. Mama alikuwa ameacha madebe 40. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, mimi nilikuja hapa na mkokoteni wa ng'ombe wawili. Kilo arobaini ningebeba kichwani."

Kilichomwokoa ni kaunta buku. Karani hakuwa ameacha kuandika humo, hata baada ya sisi kumwambia haihitajiki tena. Alifungua ukurasa, akaona madebe 40, akaomba radhi, akatupigia simu. Tulikaa usiku mbili tukirekebisha kumbukumbu za mashine ile. Kisha tukaanza kuwapigia wengine kuuliza nani ana programu ipi. Nilimwuliza karani wa kwanza, "Kaka, hapo kwenye kona pameandikwa toleo gani?" Akajibu 1.0. Wa pili, 1.0. Wa tatu, 1.0. Wote walisema kweli, nasi hatukujua lolote zaidi ya tulilojua kabla ya kupiga simu.

Baada ya msimu ule nilianza kusoma jinsi watu wengine waliotoa programu huria walivyopanga hatua za kutoa matoleo yao na jinsi walivyoyapa namba. Nilidhani nitapata kanuni moja ya kunakili. Nilichokuta ni historia ndefu ya watu kukosea mbele za watu, kisha kutafuta namna ya kutokosea vilevile tena.

Mfano unaotajwa zaidi ni Linux. Septemba 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo wa kompyuta na kukiita 0.01. Sifuri ile ya mbele ilikuwa ungamo: kitu hiki hakijakamilika, ukikitumia uwe umejiandaa. Mwanzoni mwa 1992 alifika 0.12, na kwa kuona mwisho umekaribia akaruka moja kwa moja hadi 0.95. Hapo akajifunga mwenyewe. Kati ya 0.95 na 1.0 kuna nafasi chache tu, na kazi ilikuwa bado nyingi. Alipofika 0.99 ilibidi aanze kuongeza namba ndogo za viraka nyuma yake, kiraka baada ya kiraka, kwa zaidi ya mwaka mmoja. Toleo la 1.0 lilitoka Machi 1994.

Nilipoisoma habari hii niliona aibu kidogo. Torvalds, ambaye kazi yake leo inaendesha sehemu kubwa ya seva za dunia, aliogopa kuandika 1.0 kwa miaka miwili na nusu. Sisi tuliiandika siku ya kwanza, kama mtu anayejiita fundi mkuu asubuhi aliyonunua nyundo.

Baada ya 1.0, Linux ilikuja na utaratibu ambao ungeweza kumsaidia karani wangu. Namba ya pili ikiwa shufwa, yaani 1.2, 2.0, 2.2 au 2.4, toleo hilo ni tulivu, la watu wa kawaida. Ikiwa witiri, yaani 1.3, 2.1, 2.3 au 2.5, ni la majaribio, la wanaotaka kusaidia kutafuta makosa. Mtu hakuhitaji kusoma maelezo yoyote. Alitazama namba tu akajua kama kitu hiki ni chake au si chake. Lakini utaratibu huo ulikuwa na gharama. Kutoka toleo tulivu la 2.4 mwanzoni mwa 2001 hadi 2.6 Desemba 2003 ilipita karibu miaka mitatu, na waliohitaji mambo mapya hawakuweza kusubiri muda wote huo. Wasambazaji walianza kuchukua vipande kutoka toleo la majaribio na kuvishonea kwenye toleo tulivu, kila mmoja kwa namna yake. Namba ilibaki moja na vilivyomo vikawa vingi. Baada ya 2.6 utaratibu wa shufwa na witiri ukaachwa, na Linux ikaanza kutoa matoleo madogo mara kwa mara. Ilipofika 3.0 mwaka 2011, Torvalds alisema wazi kwamba hakuna jambo kubwa lililobadilika. Namba zilikuwa zimekuwa kubwa mno, basi.

Jambo hili la wasambazaji lilinikumbusha flashi yetu. Anayeandika programu anaweza kupanga hatua zake vizuri sana, lakini programu huria haibaki mikononi mwake. Mradi wa Debian uliligundua hili mapema. Mwishoni mwa 1995 walikuwa wanaandaa toleo lao la 1.0. Kampuni moja iliyouza programu kwenye CD ilichukua kazi iliyokuwa bado jikoni, ikaichapa na kuiandika "Debian 1.0". CD zile zilikwenda madukani zikiwa na kitu ambacho hakingeweza hata kufanya kazi sawasawa. Debian wangeweza kugombana, na pengine wangeshinda. Walichofanya ni kuiacha namba 1.0 kabisa. Toleo lao lililofuata, Juni 1996, liliitwa 1.1, na mpaka leo hakuna Debian 1.0 iliyotolewa na Debian wenyewe.

Nilipenda uamuzi huo kwa sababu waliyemfikiria hakuwa yule aliyewakosea, alikuwa ni mtu aliyekwisha kununua CD ile. Kama wao pia wangetoa 1.0, mtu huyo angekuwa na kitu kibovu chenye jina sawa na kitu kizima, na asingekuwa na njia ya kujua. Baadaye waliziweka hatua zao tatu hadharani kwa majina yanayoeleweka: lisilo tulivu, linalojaribiwa, na tulivu. Na toleo tulivu hutoka likiwa tayari, si kwa sababu tarehe imefika.

Katika kusoma huku kote niliendelea kujiuliza kama kuna mtu wa huku kwetu aliyewahi kupita njia hii. Nilimpata karibu kuliko nilivyotarajia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka ya mwanzo ya 2000 kulikuwa na mradi ulioitwa Kilinux, jina lililounganisha Kiswahili na Linux. Kwa msaada kutoka Sweden, watu wa kompyuta na wataalamu wa Kiswahili walikaa pamoja kutafsiri programu huria. Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili: ya kuandika barua, ya majedwali, ya mawasilisho. Wakati huo hata mtu aliyemaliza kidato cha nne kwa Kiingereza cha kubabaisha alilazimika kubahatisha kila kitufe. Ghafla palikuwa na faili, hariri, hifadhi, chapisha.

Jambo OpenOffice ilijengwa juu ya OpenOffice.org ya familia ya 1.1. Oktoba 2005, miezi kumi tu baadaye, OpenOffice.org 2.0 ikatoka. Namba ya mbele ilibadilika kwa sababu ya maana: kulikuwa na programu mpya ya hifadhidata, sura nyingi za madirisha zilikuwa zimebadilika, na juu ya yote faili zilianza kuhifadhiwa kwa muundo mpya ulioitwa OpenDocument. Kwa mtafsiri maana yake ni mamia ya maneno mapya ambayo hayakuwepo alipomaliza kazi. Mtu anayetafsiri programu inayokimbia ni kama mtu anayechota maji kwa ndoo huku kisima kinahamishwa.

Ndiyo maana miradi mikubwa ina hatua moja ambayo waandishi wa msimbo mara nyingi huiona kero: kugandisha maneno. Wiki kadhaa kabla ya kutoa toleo, mradi hutangaza kwamba kuanzia siku fulani hakuna neno lolote litakalobadilishwa kwenye vitufe, menyu na ujumbe wa makosa. Makosa ya ndani yanaweza kuendelea kurekebishwa. Lakini maneno yamesimama, ili Mswahili, Mhausa na Mfini wamalize kutafsiri na kukagua kabla mlango haujafunguliwa. Hatua hiyo haimpi mwandishi wa msimbo kitu chochote. Ipo kwa ajili ya watu walio nyuma yake tu, na mradi usioiweka hutoka kila mara ukiwa umekamilika kwa Kiingereza na nusu kwa lugha nyingine zote.

OpenOffice.org walifanya jambo jingine ambalo nililisoma mara mbili. Septemba 2005, mwezi mmoja kabla ya 2.0, walitoa toleo dogo la familia ya zamani, 1.1.5. Toleo hilo liliweza kufungua faili za muundo mpya. Kwa maneno mengine, kabla hawajahama walimwachia ufunguo yule ambaye asingeweza kuhama leo: mwenye kompyuta kuukuu, au ofisi isiyo na ruhusa ya kubadili programu. Akipokea faili kutoka kwa aliyekwisha hamia 2.0, angeweza kuisoma. Sisi tulikuwa na tatizo hilohilo, dogo mara elfu moja, na tulichofanya ni kubadili neno "debe" kuwa "kilo".

Mwaka uleule wa Jambo OpenOffice, Oktoba 2004, kundi lililoanzishwa na Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth lilitoa toleo la kwanza la Ubuntu. Waliliita 4.10. Wengi walidhani kuna 4.9 iliyotangulia, lakini 4 ilikuwa mwaka 2004 na 10 ilikuwa mwezi wa Oktoba. Ubuntu waliahidi toleo kila baada ya miezi sita, na namba ikawa tarehe. Toleo lililotakiwa kuwa 6.04 lilipochelewa kwa wiki sita mwaka 2006, halikuweza kuficha uchelewaji wake: lilitoka likiitwa 6.06. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza kuahidiwa matunzo ya muda mrefu, miaka mitatu kwa kompyuta za mezani na mitano kwa seva. Miaka hiyo Ubuntu walituma CD bure kwa posta kwa aliyeomba, popote duniani. Mtu wa mbali na intaneti akipata CD ya namna hiyo anahitaji kujua jambo moja kuliko yote: kitu hiki nitakitumia kwa muda gani kabla hawajanisahau? Namba yenye tarehe na ahadi ya miaka ilimjibu.

Mfano wa mwisho uko hapa Singida kila siku, ingawa wengi wanaoutumia hawajui ni programu huria. Ukiingia zahanati yoyote mkoani, iwe Mkalama, Manyoni au Iramba, utakuta vitabu vikubwa vya MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya. Kuna cha wagonjwa wa nje, cha wajawazito, cha watoto. Mwisho wa mwezi muuguzi hujumlisha mistari yake na kuandika ripoti, na ripoti hiyo huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, ambao Tanzania Bara ulienea mikoa yote kufikia 2013.

DHIS ilizaliwa Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka mwaka 1994, wakati nchi ilipohitaji kuunganisha takwimu za afya zilizokuwa zimetengwa kwa rangi. Watafiti wa huko na wa Chuo Kikuu cha Oslo waliijenga ya kwanza juu ya Microsoft Access. Kila wilaya ilikuwa na nakala yake kwenye kompyuta yake, na data zilisafirishwa kama faili. Yeyote aliyewahi kusambaza programu kwa flashi anajua kinachofuata: nakala mia zinazotofautiana kidogo. DHIS2 iliandikwa upya ili ifanye kazi kwenye mtandao, ikaanza kutumika Kerala, India, mwaka 2006. Mwaka 2011 Kenya ikaweka mfumo wake wa nchi nzima kwenye seva moja, wilaya zikaingia kupitia intaneti ya simu. Hapo tatizo la matoleo likahama kutoka wilaya mia kwenda chumba kimoja. Ukipandisha toleo kwenye seva, kila mtu amepandishwa.

Hata hivyo tatizo halikufa. Hospitali zilipoanza kutumia programu ya DHIS2 ya simu, nakala zilirudi mikononi mwa watu, na ilibidi kila toleo la simu litamke linaelewana na matoleo yapi ya seva. Mwendo pia ulibadilika. Kwa miaka mingi DHIS2 ilitoa matoleo mara tatu au nne kwa mwaka. Kuanzia 2019 ikawa mara mbili, na kuanzia 2023 ikawa mara moja. Matoleo matatu ya karibuni ndiyo hutunzwa. Piga hesabu mwenyewe: ukitoa matatu kwa mwaka na kutunza matatu, wizara iliyochelewa mwaka mmoja imeachwa peke yake. Ukitoa moja kwa mwaka na kutunza matatu, ina miaka mitatu ya kujipanga, kufundisha watu na kutafuta bajeti. Kupunguza mwendo namna hiyo kunaweza kuonekana kama uvivu kwa mtu anayeandika msimbo Oslo. Kwa anayefundisha wauguzi Kiomboi ni nafasi ya kupumua.

Namba yenyewe ya DHIS2 ina kichekesho chake. Matoleo yalihesabiwa 2.30, 2.31, hadi 2.40, na ile 2 ya mbele haikubadilika hata mara moja, maana ilikuwa imekwisha kuwa sehemu ya jina. Mwaka 2024 wakaiacha, na toleo lililofuata likaitwa 41. Namba isiyobadilika kamwe haimwambii mtu kitu.

Hilo ndilo lilikuwa kosa la "1.0" yetu, na nilipolielewa nilitambua kwamba wakulima wa hapa wanalijua zamani kupitia mbegu. Alizeti iliyoenea sana kwetu inaitwa Record, mbegu iliyoingia nchini miaka ya 1950. Alizeti hupokea chavua kutoka mimea mingine, kwa hiyo mkulima anayetunza mbegu zake na kupanda tena mwaka baada ya mwaka hupata mmea unaohama taratibu kutoka ulivyokuwa. Jina halihami. Wakulima wawili wanaweza kusema wamepanda Record, mmoja akiwa na mbegu safi na mwingine akiwa na kizazi cha kumi, na mafuta yakatofautiana kabisa. Nani amedanganya? Hakuna. Wote wana 1.0.

Dawa ya wataalamu wa mbegu inafanana kwa kiasi cha kushangaza na ya watu wa programu. Mbegu mpya huanzia kwa mtafiti, kiasi kidogo sana. Kisha huzalishwa mbegu za awali, kisha za msingi, kisha zilizothibitishwa ubora, ambazo ndizo hufika dukani zikiwa na lebo ya TOSCI. Kila hatua ina shamba kubwa zaidi na watu wengi zaidi, na kila hatua ina mkaguzi anayeweza kusema hapana. Kuna pia mbegu za kuazimiwa ubora, ambazo wakulima wenyewe huzalisha chini ya ukaguzi na kuziuza karibu na zilikozalishwa, ambako mnunuzi anamjua mzalishaji na anaweza kurudi kumwuliza.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo tuliyoiiga. Watu wa programu huita hatua ya kwanza alfa: kitu kinajaribiwa na wanaokitengeneza. Ya pili huita beta: kinapewa watu wachache wa nje wanaojua kwamba wanajaribu. Tulikubaliana kwamba beta yetu haitavuka mashine mbili, zote ndani ya mji, ambako tukipigiwa simu asubuhi tunafika kabla ya saa sita. Karani wa beta anaambiwa waziwazi kwamba ni beta, na anaombwa aendelee na kaunta buku.

Kalenda tuliipanga kwa kufuata alizeti. Mabadiliko makubwa yanaandikwa kati ya Novemba na Februari, watu wakiwa wanalima na kupalilia. Machi ni beta. Aprili tunagandisha: hakuna kipya kinachoingia, hata kama ni kizuri, hata kama tajiri ameomba. Toleo linatoka Mei, kabla ya gunia la kwanza. Kuanzia Juni hadi msimu uishe tunarekebisha makosa tu. Ombi zuri la Julai linasubiri Novemba. Uamuzi huo ndio uliotugombanisha zaidi, kwa sababu mwenzetu mmoja aliona tunajinyima, na kusema kweli kuna tajiri aliyeacha kututumia kwa ajili yake.

Kuhusu namba, tulifuata utaratibu ambao Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, aliuandika na kuufikisha toleo lake la 2.0.0 mwaka 2013. Namba ni tatu. Ya mwisho hupanda tukirekebisha kosa bila kubadili kingine. Ya kati hupanda tukiongeza kitu bila kuvunja cha zamani. Ya kwanza hupanda pale tu ambapo kumbukumbu za zamani haziwezi kusomwa kama zilivyo. Tukaongeza sheria zetu mbili. Namba ya kwanza haiwezi kupanda katikati ya msimu kwa sababu yoyote. Na programu ikifungua kumbukumbu zilizoandikwa na toleo lenye namba ya kwanza tofauti, inakataa, inasema kwa Kiswahili kwa nini imekataa, na inatoa namba yetu ya simu.

Si kwamba namba tatu zinazuia kosa. Mradi wa KDE ulitoa 4.0 mwezi Januari 2008 ukiwa unajua kwamba ni kwa wanaopenda kujaribu mapema. Waliusema hivyo. Lakini watu walisoma "4.0", wasambazaji wakaiweka kwenye kompyuta za kawaida, na malalamiko yakadumu muda mrefu. Waandishi walikuwa na maana yao ya namba, wasomaji wakawa na yao. Katika mgongano wa namna hiyo msomaji ndiye mwenye haki, maana yeye ndiye aliyepoteza siku yake ya kazi.

Tuliirudisha programu yetu nyuma. Toleo lililofuata tuliliita 0.4.0, na tulikwenda mashine moja baada ya nyingine kufuta "1.0" za zamani na kueleza kwa nini namba imeshuka. Tajiri mmoja alicheka, akasema hajawahi kuona gari likitoka gereji likiwa na mwaka wa nyuma kuliko lilivyoingia. Karani aliyetupigia simu siku ile hakucheka. Aliuliza swali moja: hiyo sifuri itaondoka lini? Nikamwambia itaondoka msimu mmoja mzima ukipita bila yeye kuhitaji kaunta buku kutuumbua.

Msimu uliopita alihitaji kuifungua mara moja, kwa kosa la jumla ya mashudu. Tulilirekebisha siku ileile, namba ya mwisho ikapanda kutoka 2 hadi 3, na nilipompigia kuuliza ana toleo gani alinisomea kwenye kona ya dirisha: 0.6.3. Lilikuwa ndilo. Kaunta buku mpya ameshanunua kwa ajili ya mwaka huu.